Mbolea ya ruzuku: namna ya kuipata, na namna ya kujua ni nani aliyeipata kijijini kwenu

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi hiyo mama mdogo alisimama mbele ya kaunta ya wakala wa pembejeo, kanga kiunoni, pesa ya mifuko miwili ameifunga kwenye pindo. Kijana wa dukani akaingiza namba yake kwenye simu, akasubiri, akaingiza tena. "Mama, hapa inasoma mifuko yako yote imeshachukuliwa." Mama mdogo hakuwa amebeba hata mfuko mmoja msimu ule.

Tulipofuatilia tukakuta kisa chepesi kuliko tulivyodhani. Siku ya uandikishaji simu yake ilikuwa haina chaji, basi akaandikisha kwa namba ya kijana wa jirani. Meseji yenye namba ya ruzuku ikaingia kwa kijana, kijana akaitoa kwa mtu, na mtu akainunulia mbolea mbali na pale. Mahindi ya mama mdogo yalipandwa bila DAP, mbolea ya kupandia. Wiki chache baadaye majani yakapiga zambarau pembeni, dalili ya mmea unaolilia fosforasi, na nilipoyatazama niliumia.

Nimeandika mwongozo huu ili yaliyompata yasimpate mwingine. Unahusu ruzuku ya mbolea ya Tanzania, ambayo ndiyo ninayoijua kwa karibu. Mwishoni nina neno kwa wakulima wa Kenya.

Kwanza jua fedha inapita wapi

Wengi wanaposikia serikali imetoa mabilioni ya ruzuku hudhani kuna fedha inayogawiwa. Mkulima hapewi shilingi. Anachopata ni bei ya chini dukani, na serikali inailipa kampuni ya mbolea ile tofauti kati ya bei halisi na bei uliyolipa wewe. Kampuni inalipwa kwa kuonyesha kwamba mfuko fulani umeuzwa kwa mkulima fulani aliyesajiliwa. Hapo ndipo jina lako linapopata thamani. Jina na namba yako ndiyo hati ya madai. Ikitumika bila wewe, kuna mtu amelipwa kwa jina lako na shamba lako limebaki kavu.

Utaratibu huu ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imepaa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umevuka shilingi 130,000 na urea imevuka 120,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23, na bei ya DAP na urea ikashushwa hadi 70,000, na zile za CAN na SA, mbolea za kukuzia, hadi 60,000 na 50,000. Fanya hesabu ya ekari tatu za mahindi, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari: mifuko sita kwa 420,000, wakati bila ruzuku ingekuwa kama 750,000. Hiyo 330,000 ni ada ya mtoto, ni bati za nyumba. Watu wanaiwania kwa sababu ina uzito.

Kabla ya hapo tulikuwa na vocha, hati za karatasi za kununulia pembejeo kwa nusu bei, kuanzia 2008/09 hadi 2013/14. Ule mpango ulilenga kaya takriban milioni 2.5 na ulichagua: mkulima awe mkazi wa kijiji, alime mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, awe tayari kuchangia nusu ya bei, na kipaumbele kiende kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa waliokuwa hawajatumia pembejeo miaka mitano nyuma. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya vocha. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri sana. Lakini watafiti walipopita vijiji vya Kilimanjaro walikuta takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zimeishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji wa kuchaguliwa, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na vile vyenye pengo kubwa kati ya walionacho na wasionacho. Kwingine mkulima alisaini vocha, akapewa hela kidogo mkononi, na wakala akaenda kudai thamani yote.

Mfumo wa sasa hauchagui maskini. Yeyote anayelima na aliyesajiliwa anastahili, tena kwa kadiri ya ekari zake. Ugomvi wa nani aingie kwenye kamati umekwisha, ila umehamia kwenye daftari: nani ameandikwa, ekari ngapi, kwa simu ya nani.

Hatua ya kwanza: andikishwa, na uandikishwe vizuri

Nenda ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, kwa mtendaji. Nenda mwenyewe. Usitume mtoto, usimwachie mwenyekiti wa kitongoji akuandikie "kwa kuwa anakujua". Kama shamba liko kijiji kingine, zungumza na mtendaji wa kule shamba liliko, maana yeye na afisa ugani wake ndio wanaoweza kusema kweli kwamba shamba lipo.

Beba kitambulisho cha NIDA, au namba ya NIDA kama kadi haijatoka. Kama huna, chukua kadi ya mpiga kura. Beba pia simu yako, imechajiwa, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndipo mama mdogo alipopotezea mbolea yake. Kama huna simu kabisa, tumia laini ya mtu wa nyumbani mwako unayekula naye sahani moja, na umwambie mapema kwamba meseji ya ruzuku ikiingia asiifute wala asimwonyeshe mtu.

Utaulizwa ukubwa wa shamba na zao. Jibu kwa ekari ulizopima. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Wazee wetu hupima hatua 70 kwa 70, na hatua ya mtu mzima ikiwa kama sentimita 90, unapata mita 63 kila upande, karibu kabisa na ekari kamili. Tembea shamba lako kabla ya kwenda ofisini. Na angalia fomu inauliza ekari au hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo mwenye ekari tano akiandikiwa "2" pasipo kuangalia kipimo anaweza kujikuta na mifuko pungufu ya nusu.

Usiongeze ekari. Najua ushawishi uliopo: "Andika kumi, utauzia wengine." Ekari hewa za kijiji zikijumlishwa zinaonyesha mahitaji makubwa kuliko mashamba, mbolea inaagizwa na kuuzwa kwa majina, kisha inavuka mipaka au inarudi sokoni kwa bei ya juu. Jirani yako ndiye anayekosa.

Mambo mawili yanasahauliwa kila mwaka. La kwanza ni mpangaji. Unayekodi shamba ndiye unayelima, na mbolea inamfuata anayelima. Mwenye ardhi akijiandikisha kwa ekari zile zile alizokukodisha, mmoja wenu atakwama dukani. Malizeni jambo hilo siku ya makubaliano ya kukodi, na liandikwe kwenye karatasi ya mkataba. La pili ni mke. Kwenye kaya nyingi baba anaandikisha ekari zote, zikiwemo mbili za mama alizopewa kwao au anazolima peke yake kwa maharage na viazi. Mama anapotaka mfuko anabaki kumwomba mumewe. Mama, kama unalima shamba lako, andikisha shamba lako kwa jina lako na simu yako. Ukiona mtendaji anasita, mwambie kwa upole, "Mtendaji, mimi ni mkulima na hizi ni ekari zangu. Naomba uniandike."

Hatua ya pili: hakiki kabla ya mvua

Taarifa zikishaingizwa kwenye mfumo, mkulima hupata namba yake ya ruzuku kwa meseji. Siku hiyo hiyo iandike kwenye daftari la nyumbani, maana simu huibwa na meseji hufutika.

Halafu rudi ofisini uulize vitu vitatu: jina langu limeandikwaje, nina ekari ngapi, zao gani. Mkono uliochoka unakosea. Afisa anayeingiza majina 400 kwa siku ataandika Mwasenga mahali pa Mwasanga na ekari 1 mahali pa 11. Makosa hayo yanarekebishwa kwa dakika tano mwezi wa Septemba. Mwezi wa Desemba, foleni ikiwa imefika barabarani na mtandao unakatika, hayarekebishiki.

Kila msimu mpya kuna zoezi la kuhuisha taarifa. Aliyesajiliwa mwaka juzi hana uhakika wa mwaka huu mpaka ahuishe: labda aliongeza shamba, labda aliacha kulima, labda amefariki na namba yake bado iko hai. Majina ya marehemu yanayobaki kwenye orodha ni mlango ulio wazi. Kama mmefiwa, mjulisheni mtendaji, na mrithi anayelima aandikwe upya kwa jina lake.

Hatua ya tatu: dukani

Nunua kwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA. Kabla ya kutoa pesa, uliza bei elekezi ya wilaya yenu. Inapaswa kuwa imebandikwa mahali unapoiona. Bei hubadilika kwa msimu na kwa umbali, hivyo zile za 2022 nilizotaja juu usiende kugombana nazo dukani.

Mbele ya macho yako wakala ataingiza namba yako, aone idadi ya mifuko unayostahili, kisha askani msimbo wa QR ulio kwenye kila mfuko. Simama pale pale. Hesabu milio ya simu na mifuko inayotoka stoo. Mifuko mitatu iliyoskaniwa, mitatu begani. Ikiskaniwa mitano nawe ukabeba mitatu, hiyo miwili imelipiwa na serikali na itauzwa tena kwa mwingine. Dai risiti yenye idadi na aina ya mbolea.

Kuna maneno ya dukani yanayopaswa kukushtua. "Acha namba hapa, mzigo ukija tutakuwekea." "Network haipo, lipa tu uchukue, nitaskani baadaye." "Nakupa elfu ishirini, namba yako niitumie mimi, wewe huhitaji zote." La mwisho ndilo linalowanasa wengi, hasa mwezi wa njaa. Elfu ishirini ile inaliwa wiki moja. Mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni safi, nao ukiwekwa kwa wakati shambani hurudisha gunia kadhaa za mahindi.

Utazame na mfuko wenyewe. Mshono wa juu uwe wa kiwandani, usiwe umefumuliwa na kushonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine. Uzito usomeke, 25 au 50, na ukiwa na shaka omba mzani. Jina la mtengenezaji na viwango vya virutubisho viwe vimeandikwa: DAP 18-46, urea 46. Usiukatae mfuko kwa sababu tu jina lake ni geni kwako. Mbolea ya Minjingu inatoka Manyara, na kuna ya Itracom inayotengenezwa Nala, Dodoma, na kampuni yenye asili ya Burundi. Zina namna zake za kutumika, muulize bwana shamba wako.

Urea ina jaribio dogo la nyumbani ambalo bibi yeyote anaweza kulifanya. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge huku umeishika. Urea ya kweli inayeyuka yote, na glasi inapoa mkononi kama maji ya mtungi. Ikibaki changarawe chini, au glasi isipopoa, usiimwage shambani. Funga mfuko, tunza risiti, toa taarifa. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, lakini limewahi kuniokoa.

Hatua ya nne: jua nani kapata kijijini

Hapa ndipo mwongozo mwingi unapoishia, na mimi naona ndipo kazi inapoanza. Ukipata mifuko yako umejitetea mwenyewe. Ukijua nani kapata, umewatetea mjane wa kitongoji cha mwisho na kijana aliyekodi ekari moja kwa mara ya kwanza.

Chombo chenu ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Kabla ya msimu, ombeni ajenda ya ruzuku iwekwe. Msisubiri kwenye "mengineyo", watu wakiwa wameshaanza kukung'uta mavumbi waondoke. Mkutanoni ombeni orodha isomwe kitongoji kwa kitongoji, jina na ekari, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Namba za simu, namba za NIDA na namba za ruzuku zisibandikwe kamwe. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na zaidi ya sheria, namba iliyobandikwa ubaoni ni namba iliyoibwa.

Orodha ikisomwa, sikilizeni kwa masikio ya watu mnaojuana. Nyinyi ndio mnaojua kwamba fulani alihamia Dar es Salaam miaka minne iliyopita, kwamba ekari 30 za fulani ni mawe matupu, kwamba familia ya kiongozi ina majina saba na shamba moja. Mtu wa wilayani hawezi kuyajua hayo hata akikesha. Jumlisheni ekari zote zilizoandikishwa, mzilinganishe na ardhi ya kilimo mnayoijua ya kijiji. Kwetu mjumlisho huo ulifanywa na mwalimu mstaafu kwa kalamu na karatasi, chini ya mwembe, huku watu wakimtazama bila kusema neno. Jumla ilizidi ardhi yote ya kijiji, na msitu tukiuhesabu ndani.

Ulizeni bila kumtuhumu mtu. "Ndugu mwenyekiti, tunaomba ufafanuzi wa ekari za jina hili" inafika mbali kuliko "Mmetuibia". Hakikisheni swali na jibu vimeingia kwenye muhtasari wa kikao, maana muhtasari ndio utakaowasaidia mkienda juu.

Ikiwa orodha haitolewi, mna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika ombi kwa ofisi yenye taarifa, nayo inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Barua haihitaji wakili. Iandikeni kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa kilimo wa wilaya:

"Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa kijiji cha ..., kata ya ... Naomba kupatiwa idadi ya wakulima waliosajiliwa kwa ruzuku ya mbolea kijijini kwetu msimu wa ..., jumla ya ekari zilizosajiliwa, na jumla ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima hao kwa kila aina ya mbolea. Siombi namba za simu wala za vitambulisho."

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Bila mhuri, hizo siku 30 hazina pa kuanzia.

Ukidhulumiwa

Anza kwa mtendaji na afisa ugani, siku hiyo hiyo, ukiwa na namba yako na saa uliyofika dukani. Mfumo huhifadhi wapi na lini namba ilitumika, ndiyo maana kwa mama mdogo tuliweza kujua. Ikishindikana nenda kwa afisa kilimo wa wilaya. TFRA nao wana ofisi za kanda. Kukiwa na harufu ya rushwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Andika majina ya mashahidi wawili mapema, kabla watu hawajaanza kuogopana.

Kwa korosho njia ni nyingine. Pembejeo kama salfa hupita kwenye vyama vya msingi, kwa wakulima waliosajiliwa na Bodi ya Korosho. Lakini maswali ya kuuliza kwenye chama ni yale yale: orodha iko wapi, na nani kachukua.

Kwa wakulima wa Kenya

Kwenu usajili ulipita kwa machifu na manaibu wao, majina yakaingia kwenye KIAMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za wakulima, ujumbe ukaja kwa simu, na mbolea ikachukuliwa kwenye maghala ya NCPB, bodi ya nafaka ya serikali. Mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi za Kenya 6,500 hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Halafu 2024 ikabainika kwamba mifuko mingine ya ruzuku haina virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Mei mwaka huo Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa waziri wa kilimo, ingawa kamati maalumu iliyomchunguza ilisema tuhuma hazikuthibitika. Mkulima aliyekwisha panda hakurudishiwa msimu wake. Kwa hiyo wekeni risiti, hifadhini mfuko mtupu, na kila mfuko mnaoufungua chukueni kikombe kimoja cha mbolea mkifunge pembeni mpaka mahindi yatoe mbelewele. Hicho kikombe ndicho kitakachopelekwa maabara.

Mwaka uliofuata nilimsindikiza mama mdogo kuhuisha taarifa. Tulifika saa mbili asubuhi, simu ikiwa na chaji na laini ni yake. Alipomaliza kutaja ekari zake alimwomba mtendaji ageuze daftari, akaweka kidole chini ya jina lake, akalisoma herufi kwa herufi, kisha akasoma na namba ya simu. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Hakuharakisha.